Mtoto akizibwa na jiwe, kinachowahiwa ni mkojo, jiwe lina siku yake

Miaka hii ya karibuni hospitali kubwa za kwetu zimeanza kupata mashine za leza na kamera nyembamba za kupita kwenye njia ya mkojo, na ukifungua simu hukosi picha ya kikopo chenye vipande vya mawe vilivyotolewa kwa mtu, chini wameandika mawe ya figo sa hivi yanatoka bila kisu, unaingia leo kesho upo nyumbani. Ni habari njema na siipingi hata kidogo, maana wapo watu walipasuliwa ubavu mzima kwa ajili ya jiwe dogo tu. Ila kuna wazo hizi habari zimelipanda kwenye vichwa vya watu bila kukusudia, kwamba jiwe likishaonekana kwenye kipimo basi linatakiwa litoke leo leo, na daktari asiyelitoa leo ama hajui kazi ama anatafuta hela ya mara mbili. Mtoto mdogo aliyezibwa na jiwe halafu ana homa, wazo hilo linaweza kumuua. Nimewahi kukaa na mama mmoja kwenye benchi nje ya wodi, mwanae wa miaka mitatu aliingizwa thieta usiku, asubuhi akaambiwa tumeweka mpira ndani, mkojo sasa unapita, jiwe tutalitoa baada ya wiki kadhaa maambukizi yakishaisha. Alichosikia yeye ni kwamba wameshindwa, akataka kumhamisha mtoto siku ile ile. Wale madaktari walikuwa wamefanya kazi sahihi kabisa, kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye akamweleza kwa nini.

Ninachosema mimi ni hiki. Kwa mtoto aliyezibwa na jiwe kuna kazi mbili ambazo watu wanazichanganya, kazi ya kufungua njia mkojo upite na kazi ya kulitoa jiwe lenyewe, na kila moja ina muda wake. Ya kwanza ni ya masaa, haingoji asubuhi wala haingoji bosi wa idara arudi safari kama mtoto ana homa, au hakojoi kabisa, au ana figo moja tu. Ya pili inaweza kungoja na mara nyingi inatakiwa ingoje, lakini inangoja kwa tarehe iliyoandikwa. Kwa hiyo tunaweza kukosea pande zote mbili, kuna kukimbilia jiwe wakati usaha bado umefungwa ndani, na kuna kufungua mkojo vizuri halafu mtoto akapotelea mtaani na mpira wake tumboni, na huku kwetu nadhani hili la pili ndo linatuumiza zaidi na ndo halizungumzwi.

Tuanze na kinachotokea ndani. Figo inatengeneza mkojo muda wote, mchana na usiku, na jiwe likikwama kwenye mrija unaoteremka kwenda kwenye kibofu figo haiachi kazi hapo hapo, inaendelea kumwaga mkojo usio na pa kwenda, presha inapanda, figo inavimba, na baada ya muda damu inayoingia kwenye ile figo inapungua na nyama yake inaanza kufa taratibu. Mwaka 1971 Vaughan na Gillenwater walifanya majaribio kwa mbwa, wakaziba mrija wa upande mmoja kabisa halafu wakaufungua kwa nyakati tofauti. Figo iliyozibwa wiki moja ilirudi yote, ya wiki mbili ikarudi kama asilimia 70, ya wiki nne asilimia 30, ya wiki sita haikurudi. Mbwa sio mtoto na jiwe mara nyingi halizibi kila tone, hata hivyo majaribio hayo ndo chanzo kimojawapo cha ule ukomo wa wiki nne hadi sita ambao miongozo mingi ya madaktari inautumia leo mtu akiwa anasubiri jiwe litoke lenyewe. Kumbuka hapo tunaongelea figo safi isiyo na maambukizi. Bakteria wakiingia kwenye ule mkojo uliofungwa hesabu za wiki zinafutika zote, unahesabu masaa.

Na mtoto ana ugumu wake kwenye kugundulika. Mtu mzima atakwambia ubavu unanichoma unashuka hadi kwenye kinena, mtoto wa mwaka mmoja analia, anatapika, anakataa kunyonya, ana homa, na huku kwetu homa na kutapika kwanza ni malaria, baadaye taifodi, baadaye ndo mtu anaanza kuwaza mkojo. Swali la mtoto amekojoa mara ngapi tangu jana linaulizwa kwa kuchelewa sana wakati halina gharama yoyote. Kitu kingine ambacho nakiona ni hatari ya kimya kimya ni kipimo cha kreatinini, ile taka ya misuli kwenye damu ambayo figo zinatakiwa kuichuja. Maabara nyingi zinachapa kiwango cha kawaida cha mtu mzima pembeni ya jibu, sasa kreatinini ya mikromoli 88 kwa lita ni ya kawaida kabisa kwa mwanaume mzima, ila kwa mtoto wa miaka miwili ni kubwa mno, maana misuli yake midogo haiwezi kutoa kiasi hicho kama figo ziko sawa. Karatasi inarudi haina alama yoyote nyekundu, daktari mwenye foleni ya wagonjwa arobaini anapitisha macho, anaona figo ziko salama, mtoto anapewa dawa ya homa anarudishwa nyumbani.

Sasa kwa nini jiwe lisitolewe usiku ule ule kama kamera ipo, leza ipo na daktari yupo? Sababu iko kwenye maji. Kamera haioni kitu ndani ya mrija au figo bila kusukuma maji, na maji yanasukumwa kwa presha. Presha ndani ya figo ikipita kama sentimita 30 hadi 40 za maji, kilichomo humo kinaanza kurudi nyuma kuingia kwenye damu. Kama kilichomo ni mkojo wenye wadudu, au usaha kabisa, basi wewe mwenyewe kwa mkono wako umeusukuma kwenye damu ya mtoto wa kilo kumi, na leza nayo inapasua jiwe ambalo ndani yake kuna bakteria walikuwa wamejificha humo, na hiyo operesheni sio ya dakika tano. Ni kama jipu lililoiva, unatoboa kwanza usaha utoke, huanzi kulikandamiza likiwa limefunga. Ndo maana mwongozo wa chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani wa mwaka 2016 unasema wazi kabisa, jiwe limeziba na kuna dalili ya maambukizi, fungua njia haraka na uahirishe kutibu jiwe, na wa Ulaya unasema hivyo hivyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliopitia kumbukumbu za wagonjwa waliokuwa na jiwe kwenye mrija na maambukizi yamefika kwenye damu ulikuta waliokaa bila kufunguliwa njia walikufa kama asilimia 19, waliofunguliwa kama asilimia 9. Mwingine wa 2020 ukaonyesha kuchelewa kufungua kwa siku mbili au zaidi kunaongeza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 29. Hao ni watu wazima, kwa watoto tafiti kubwa za aina hiyo ni chache, lakini mtoto akiba yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima na akianza kuporomoka anaporomoka kwa kasi, kwa hiyo sioni mtu atakayeniambia kanuni hiyo ilegezwe kwake.

Hali nyingine ni ya mtoto asiyekojoa kabisa, pande zote mbili zimeziba au figo inayofanya kazi ni moja na ndo hiyo imezibwa. Hapa hata homa isipokuwepo muda unabana, kwa sababu potasiamu inapanda kwenye damu na potasiamu ikizidi inasimamisha moyo. Halafu fikiria nafasi ya mtu wa nusu kaputi, analetewa mtoto ambaye moyo wake uko ukingoni, mwili umejaa maji, damu imejaa asidi, na baadhi ya dawa za kulegeza misuli zinaipandisha ile potasiamu zaidi, anaambiwa mlaze saa nzima na nusu tuvunje mawe pande zote mbili. Hapana. Mtoto kama huyo anatakiwa kushushwa potasiamu kwanza, na ikishindikana asafishwe damu kwanza, kisha afanyiwe kitu kifupi kuliko vyote. Ama stenti, ule mpira mwembamba uliojikunja ncha zote mbili, moja ikae kwenye figo nyingine kwenye kibofu, ama nefrostomi, yaani mrija unaopitishwa mgongoni moja kwa moja hadi kwenye figo mkojo ukamwagikie kwenye mfuko nje. Madaktari wa Cairo, ambako watoto wa namna hii ni wengi, walilinganisha hizo njia mbili na zote zikaonekana zinairudisha figo, uchaguzi unategemea ukubwa wa jiwe na mpango wa kulitoa baadaye, jiwe likiwa kubwa sana kupenyeza stenti pembeni yake kunaweza kushindikana au kuuchana mrija. Na njia ikishafunguka kazi haijaisha, kuna watoto wanamwaga mkojo mwingi mno masaa yanayofuata, maji na chumvi vinatoka kuliko vinavyoingia, kwa hiyo muuguzi anayepima kila kinachotoka na kurudisha kwa dripu anaokoa maisha sawasawa na aliyeweka mpira.

Kuna mifano miwili ya China ambayo mimi naiona inalimaliza lile wazo la jiwe leo leo. Wa kwanza watu wengi wanaukumbuka, mwaka 2008, maziwa ya unga ya watoto yaliyochanganywa kemikali ya viwandani iitwayo melamini, kampuni ya Sanlu ikiwa katikati ya kesi. Watoto karibu 294,000 waliathirika, zaidi ya 50,000 walilazwa, na sita walithibitishwa kufa. Mawe yale yalikuwa laini, mchanganyiko wa melamini na asidi ya yuriki, na watoto wengi walipona kwa kuacha yale maziwa, kupewa maji na dawa za kupunguza ukali wa mkojo, jiwe likalegea likatoka. Waliozibwa kabisa ndo waliopitishiwa mirija au kusafishwa damu wakati jiwe linashughulikiwa na dawa. Wa pili unatugusa sisi moja kwa moja, ni seftriaksoni, ile sindano ambayo huku kwetu inachomwa kwa kila homa inayosumbua. Dawa hiyo inashikana na kalsiamu kwenye mkojo, na kwa baadhi ya watoto, hasa dozi ikiwa kubwa na maji mwilini yakiwa machache, inatengeneza mawe laini ambayo yanaweza kuziba pande zote mbili. Madaktari wa China wameandika kuhusu watoto waliofika hawakojoi baada ya hiyo sindano, baadhi wakafunguka kwa kuacha dawa na kutibiwa bila mpira, wengine kwa kupitishiwa mrija, na figo zikarudi. Leza hapo haina kazi. Kwa hiyo kabla hujauliza nani atalivunja jiwe lazima uulize limetoka wapi, na jibu hilo mara nyingi halipatikani usiku ule wa kwanza.

Wanaopinga wana hoja nzito na nitazisema kwa haki yake. Wanasema kila kitu kwa mtoto ni nusu kaputi, mtu mzima unamtoa stenti kwa jeli ya ganzi akiwa macho anarudi kazini, mtoto lazima alazwe usingizi, kwa hiyo ukiweka stenti leo, ukatoa jiwe mwezi ujao, ukatoa stenti nyingine baadaye, umemlaza usingizi mara tatu kwa jiwe moja. Wanasema mzazi ametoka Sumbawanga au Turkana, ameuza mbuzi kupata nauli, ukimwambia arudi huna uhakika atarudi. Wanasema stenti yenyewe inauma, mtoto anakojoa damu, anakojoa kitandani, anakosa shule. Yote ni kweli, na ndo maana sisemi kila mtoto awekwe mpira kwanza. Mtoto ambaye hana homa, mkojo wake hauna wadudu, figo nyingine nzima, jiwe dogo limekwama chini kwenye mrija na muda wa kusubiri umeisha au maumivu hayatulii, huyo aingizwe kamera litolewe mara moja, na mwongozo ule ule wa Marekani unasema stenti isiwekwe kwa mazoea tu kabla ya kamera kwa watoto. Pia vifaa vimebadilika kweli, kamera ni nyembamba kuliko zamani, kuna mirija inayofyonza maji na vumbi la jiwe ili presha isipande, na hiyo inapunguza ile hatari niliyoieleza kwenye figo safi.

Ila hoja hiyo wanaipeleka mbali kuliko inavyoweza kufika. Kufyonza maji kunapunguza presha, hakugeuzi usaha kuwa maji safi. Halafu kuna mrija wenyewe, mrija wa mtoto wa miaka miwili ni mwembamba na kuna wakati kamera inagoma kupita kabisa, ukilazimisha unauchana, na mrija uliochanika kwa mtoto unaweza kupona kwa kovu linalouziba tena, sasa umetoka kwenye jiwe ambalo lingetoka umeingia kwenye tatizo la miaka. Stenti ikikaa wiki mbili tatu mrija unalegea wenyewe, unaporudi kamera inapita. Yaani ile siku ambayo mzazi anaiona imepotea ndo inayofanya operesheni ya pili iwe fupi na salama. Na kuhusu mzazi asiyerudi, hilo ni tatizo la kweli, lakini dawa yake ni kumsaidia arudi. Haiwezekani umaskini wa baba ukawa sababu ya mtoto kuvunjwa jiwe akiwa na wadudu kwenye damu.

Upande mwingine kabisa wapo wanaosema subiri, mawe ya watoto yanatoka yenyewe. Nao wana ukweli wao, mrija wa mtoto ni mfupi na unatanuka vizuri, mawe madogo ya milimita nne au tano kushuka mengi yanatoka, na kwa mtoto asiye na homa wala figo iliyochoka ule mwongozo wa Marekani unaruhusu kusubiri hata kwa jiwe la hadi milimita 10 kwenye mrija, kwa dawa ya maumivu na wakati mwingine dawa ya kulegeza mrija. Kusubiri huko kunataka altrasaundi ya kurudia na mtu wa kuangalia. Kinachonitia hofu ni mtoto kuacha kulia watu wakafurahi. Maumivu yanaweza kuisha kwa sababu jiwe limetoka, na yanaweza kuisha kwa sababu figo imezibwa muda mrefu hadi imechoka kutengeneza mkojo, na kwa macho huwezi kutofautisha. Nyumbani sherehe, ndani figo inakwenda. Bila kipimo kinachoonyesha figo imerudi kwenye umbo lake, usimwambie mtu jiwe limeisha.

Na hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndo inasambaa kwa kasi zaidi, ni ile ya kumnywesha. Mnyweshe maji mengi, maji ya shayiri, madafu, mizizi ya kuchemsha, jiwe litasukumwa. Maji ya kutosha kila siku yanazuia mawe mapya, hilo halina ubishi na ningependa kila mtoto wa shule atembee na chupa yake. Lakini njia iliyozibwa haifunguki kwa kumwagiwa zaidi kutoka juu, unachofanya ni kuongeza presha kwenye figo ambayo tayari imevimba, na kama mtoto hakojoi hayo maji yanaishia kwenye mapafu. Dafu ndo baya zaidi hapo, maana lina potasiamu nyingi, na huyu ni mtoto ambaye potasiamu yake ndo inayotaka kusimamisha moyo. Mizizi sitaki hata kuiongelea sana, ipo inayoharibu figo nzima, na wakati inachemshwa masaa yanakwenda. Mzazi anafanya hivyo kwa mapenzi, najua, na mara nyingi aliyemshauri ni bibi aliyemlea yeye mwenyewe vizuri tu. Ndo maana ujumbe lazima uwe mfupi ambao na bibi ataubeba, mtoto ana homa na hakojoi vizuri, au hajakojoa tangu jana, apelekwe hospitali sasa hivi.

Nirudi kwa lile la mpira uliosahaulika, kwa sababu hoja yangu yote inaweza kugeuzwa ikawa kisingizio. Ukisema jiwe litolewe baadaye, lazima useme baadaye ya lini. Stenti nyingi hazitakiwi kupita miezi mitatu, na kwa mtu anayetengeneza mawe mpira wenyewe unakuwa mahali pa mawe mapya kujijenga. Ikikaa mwaka inaganda kwa mawe juu na chini, haivutiki, ikivutwa inakatika, na mtoto aliyekuja na jiwe dogo sasa anahitaji operesheni mbili tatu kubwa au anapoteza figo. Nimeona kadi za kuruhusiwa zimeandikwa arudi kliniki, basi. Hakuna kwamba ana mpira, hakuna tarehe, hakuna namba ya simu. Mama anadhani mtoto amepona maana homa imeisha na anacheza, na kwa kweli amependeza, kwa nini atafute nauli? Hapo siwezi kumlaumu mama hata kidogo. Hospitali inayoweka stenti kwa mtoto bila daftari la nani ana mpira na unatoka lini, na bila mtu wa kupiga simu wiki ikifika, imefanya nusu ya kazi, na hiyo nusu iliyobaki haihitaji mashine ya mamilioni, inahitaji daftari, muuguzi mmoja na vocha.

Hela nayo lazima isemwe. Tanzania Toto Afya Kadi, bima ya afya ya mtoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, mwaka 2023 utaratibu ukabadilishwa watoto wakawa wanaandikishwa kupitia shule au vifurushi vya familia, na kila utaratibu unapobadilika kuna watoto wanaodondoka katikati, hasa wale wachanga ambao hawajafika hata chekechea na ndo hao hao wasioweza kusema wanaumwa wapi. Kenya nao walihama kutoka bima yao ya zamani ya NHIF kwenda mpya ya SHA Oktoba 2024 na wakapitia vurugu zao. Kokote unakokwenda, bima au msamaha unaolipia kuweka stenti usiku halafu ukamwacha mzazi peke yake na bili ya kutoa jiwe na kuutoa mpira umemtengenezea mtoto mpira wa kusahaulika. Zote zihesabiwe tiba moja tangu siku ya kwanza. Karachi wanayo taasisi ya SIUT, ilianza miaka ya 1970 kama wodi ya vitanda vinane chini ya Profesa Adib Rizvi, wanatibu bure wagonjwa wa figo na mawe wakiwemo watoto wengi sana, Pakistan ikiwa kwenye ule ukanda wa dunia wenye mawe mengi. Mtoto wao hakatishwi njiani kwa sababu ya risiti, kwa hiyo daktari akisema rudi baada ya wiki tatu ni maneno yenye maana. Kwetu daktari anayejua kwamba mtoto hatarudi anashawishika kulazimisha yote usiku mmoja, na simwoni kama mtu mbaya, naona mfumo umemsukuma pale.

Na hapo ndo penye tatizo la jinsi tunavyozipokea hizi mashine. Leza ikifika hospitali ya kanda kuna mkanda wa kukatwa na kamera za televisheni, na inastahili, ila mtoto anayekufa kwa kuzibwa mara nyingi amefia wilayani au njiani kabla hajaiona. Huyo alihitaji altrasaundi yenye mtu wa kuisoma saa nane usiku, kipimo cha potasiamu kinachotoa jibu usiku huo huo, antibayotiki ya mshipani kabla ya gari kuondoka, na kwenye hospitali ya mkoa mtu mmoja aliyefundishwa kupitisha mrija wa nefrostomi kwa kuongozwa na altrasaundi, chini ya ganzi na dawa kidogo ya kumtuliza mtoto. Seti ya huo mrija gharama yake haikaribii hata kidogo ya leza. Kama kuna bajeti ya kimoja kwa mwaka huu, ningeanza na hiyo mirija na mafunzo mikoani, leza ifuate, kwa sababu leza inamtibu mtoto aliyefika na mrija ndo unaomfikisha.

Mzazi unayesoma hii na mwanao yupo wodini sasa hivi, ukiambiwa mpira umewekwa na jiwe limeachwa, usimhamishe mtoto. Uliza kama mkojo uliootweshwa maabara kutafuta wadudu una majibu na antibayotiki inaisha lini, uliza jiwe litatolewa tarehe ngapi na nani, mpira mwisho wake lini, nani atakulipia hiyo awamu ya pili, na jiwe likishatoka lipelekwe maabara lijulikane ni la aina gani, maana watoto wengi wenye mawe wana kasoro ya mwili inayoyatengeneza na bila kuijua yatarudi. Waombe waandike hayo yote kwenye kadi ya mtoto kabla hujatoka getini, pamoja na namba ya simu ya wodi.